Meshack Sangito Hakusogeza Mpaka

Aliyelala mbele yenu ni Meshack Sangito, fundi viatu wa Kaloleni, mzaliwa wa hapa hapa Nkoaranga. Wasifu huu umeandikwa na mkewe, Evaresta, na unasomwa na dada wa kuzaliwa wa marehemu, Kaanaeli, ambaye ameombwa asiruke neno. Ni mrefu kuliko ilivyozoeleka. Watu wameuzungumzia mwili wa marehemu kwa miaka kumi na miwili na hakuna aliyewaomba wafupishe. Familia inaomba robo saa.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1973, katika hospitali ya Nkoaranga. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Sangito na Mama Anande, ambao wote wametangulia. Wa kwanza ni Peter, wa pili ni Kaanaeli. Mama Anande alipenda kusimulia kwamba Meshack alizaliwa mdogo sana, na kwamba katika mvua za Aprili Peter alimbeba mgongoni kuvuka kijito kwenda shule ya Jumapili, ili mdogo wake asifike na tope. Jambo hilo ni la kweli na familia haitaki lisahaulike, hata leo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Alifaulu, ila nafasi ya sekondari haikupatikana. Mwaka 1989 baba yake alimpeleka Ngaramtoni kujifunza ufundi kwa Mzee Lemomo, aliyekuwa akitengeneza katambuga za matairi na viatu vya ngozi kwa wafugaji waliokuja mnadani. Mzee Lemomo alikuwa na utaratibu mmoja asioukiuka. Kila mteja alisimama juu ya kipande cha boksi, akachorwa mguu kwa penseli, kisha pembeni yakaandikwa jina na tarehe. Mteja wa mnadani hurudi baada ya mwaka akidai kiatu kilikosewa tangu mwanzo. Mzee Lemomo alikuwa akitoa boksi na kumwambia, "Simama hapa tena, rafiki yangu. Kama ni mimi nimekosea nitakulipa. Kama ni wewe umenenepa, utaninunulia chai." Meshack alikaa kwake miaka minne na kuondoka na utaratibu huo.

Mwaka 1994 alipanga chumba Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka nguvu zilipomwisha. Alishona viatu vya shule ambavyo mdogo alirithi kwa mkubwa. Alishonea watu wenye mguu mmoja mfupi, akiongeza soli kidogo kidogo hadi mtu atembee bila kuyumba. Alipomchora mteja wa namna hiyo alifunga mlango, ili wapita njia wasitazame. Mtu aliyekuwa na adabu ya namna hiyo kwa miili ya wenzake hakustahili yaliyosemwa juu ya mwili wake.

Tarehe 26 Agosti 2006 alifunga ndoa na Evaresta, mwalimu wa biolojia, mzaliwa wa Rombo. Viatu vya bwana harusi alivishona mwenyewe, namba 41, kwa kalibu ya mti, umbo la mguu la kushonea kiatu, aliyochongewa na seremala wa Ngaramtoni kwa kipimo cha mguu wake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Anneth mwaka 2007 na Godbless mwaka 2011. Kila tarehe mosi Januari, baada ya ibada, Meshack alipanga watu wote wa nyumba yake sebuleni na kuwachora miguu, naye akachorwa na mkewe. Maboksi hayo yote yapo. Yamefungwa kwa kamba na yapo ndani ya nyumba ile, kwa yeyote atakayependa kuyaona.

Mwaka 2009 viatu vipya vya ibada alivyojishonea vilimbana. Alitoa kalibu yake, akaipima kwenye viatu, vikakubaliana, akahitimisha kwamba mti umekauka ukasinyaa. Alipanda hadi kwa seremala akiwa amekasirika.

"Umenichongea mti mbichi wewe!"

"Mti ni ule ule, fundi," seremala alimjibu. "Mwenye kubadilika ni mwenye mguu. Muulize mkeo anakulisha nini."

Walicheka wote wawili. Meshack alirudi nyumbani akabandika utepe wa ngozi kwenye kalibu ili kuiongeza, na mwaka uliofuata akabandika mwingine. Fundi aliyeamini mguu wa kila mteja hakuuamini wake. Boksi la Januari 2007 ni namba 41. La 2009 ni 42. La 2011 ni 43. La Januari 2013 ni 44. Mwaka 2012 pete ya ndoa ilibidi ikatwe kwa msumeno na sonara, na wako watu katika mkutano huu waliosema ameivua kwa ajili ya mwanamke wa mjini.

Hapa mkewe anakiri la kwake. Kila mwaka alisimama mbele ya kidato cha tatu akafundisha tezi na homoni, akachora ubaoni kichwa cha mtu na tezi iliyoning'inia chini ya ubongo. Kisha alirudi nyumbani, akakaa mezani na mume ambaye taya lilikuwa linasogea mbele na sauti inazidi kuwa nzito, na hakuona. Uso unaotazamwa kila siku hubadilika bila kuaga. Familia inamlaumu kwa hilo, na yeye anajilaumu kuliko wote. Ila hakumwita mwizi.

Mzee Sangito alifariki Februari 2012. Kwa desturi ya hapa nyumba na shamba la nyumbani vilibaki kwa mtoto wa mwisho, na kihamba cha chini, shamba la ukoo la migomba, kikawa cha Peter. Mpaka kati yao ni mstari wa isale, mmea wetu wa mipaka na wa kuombea msamaha, alioupanda mzee mwenyewe. Mwaka uliofuata Peter alidai kwamba isale tatu zimeng'olewa na kupandwa upya ndani ya eneo lake, hatua mbili za mtu mzima. Wazee wa ukoo walikaa mara tatu. Hakuna aliyemwona Meshack aking'oa, na hakuna aliyekumbuka isale zilikuwa wapi kwa hakika. Tarehe 5 Oktoba 2013, saa nne asubuhi, mbele ya watu wasiopungua thelathini, Peter alisimama penye mpaka akavunja chungu. Alisema kama mdogo wake amesogeza mpaka, mwili wake uvimbe hadi asitambulike.

Wageni waliotoka mbali waelewe kwamba chungu kwetu si mchezo. Kikivunjwa, watu hukaa wakisubiri. Na safari hii hawakusubiri sana, kwa sababu walikuwa na mtu wa kumtazama. Mikono ya Meshack ilikuwa mikubwa, wakasema ndiyo hiyo imeanza. Paji la uso lilitokeza, wakasema chungu kinafanya kazi. Alipotokwa na jasho kanisani mwezi wa saba, watu wote wakiwa na makoti, walisema dhamiri inamchemsha. Wengine walimwita mwenye kiburi, kwamba anaamkiwa shikamoo na watoto njiani haitikii. Alikuwa haoni pembeni. Aliona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hakuwa akijua kwamba wengine wanaona zaidi ya hapo. Mtoto aliyemwamkia kutoka ubavuni alikuwa, kwake, hayupo.

Mnaoshika hesabu mshike hii. Chungu kilivunjwa Oktoba 2013. Mguu ulianza kukua kabla ya Januari 2009. Ni chungu gani kinachoanza kazi miaka minne kabla ya kuvunjwa, na miaka mitatu kabla mwenye shamba hajafa?

Alitibiwa. Isisemwe kwamba familia ilikaa ikisubiri miujiza. Kati ya 2014 na 2018 alihudhuria zahanati na vituo vinne vya mjini. Cha kwanza kilimpa kadi ya presha. Cha pili kilimpa kadi ya sukari. Cha tatu kilisema maungio, cha nne kilisema apunguze unene ili aache kukoroma. Alikuwa na kadi nne mfukoni, na katika matabibu wote hao hakuna aliyeziweka kadi hizo pamoja mezani, wala aliyeinua macho kutoka kwenye karatasi kumtazama usoni. Alipimwa kila kitu, ila hakutazamwa.

Aliyemtazama alikuja kama mteja. Ilikuwa Novemba 2018. Daktari Pudensiana, mama wa Kichaga aliyekuwa amehamia Arusha mwaka huo huo, alileta kiatu kilichong'oka kisigino. Meshack alikipokea, na daktari akabaki ameukazia macho mkono uliokipokea.

"Fundi, mikono hii umezaliwa nayo?"

"Hii ni mikono ya kazi, mama. Miaka ishirini na nne na sindano ya shazia."

"Kazi hukomaza ngozi. Haipanui mifupa. Una picha yako ya harusi?"

"Ya nini, dokta? Unataka kuniposa? Umechelewa, mwenzako ni mwalimu na ana fimbo."

Daktari alicheka, lakini hakuondoka. Meshack hakuwa na picha pale dukani, akamwambia ana kitu kingine kama anataka kujua alivyokuwa, na kesho yake daktari aliporudi alimkuta na mkewe na maboksi. Daktari aliyapanga juu ya meza ya kazi, la kwanza 2007, la mwisho 2018, namba 46, kila mchoro ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia. Kisha akasema, "Fundi, hili ni jalada lako la hospitali. Umeliandika mwenyewe miaka yote hii na hakuna aliyekuomba ulilete."

Ugonjwa huo, ambao vipimo vya hospitali vilikuja kuuthibitisha, unaitwa akromegali. Familia inauandika hapa kwa jina lake ili atakayekuja kuuliza ajibiwe kwa neno moja. Chini ya ubongo pana tezi ndogo kama punje ya haragwe, na tezi hiyo hutoa homoni ya ukuaji. Homoni husafiri kwenye damu hadi kwenye ini, na ini nalo hutoa kichocheo cha ukuaji kinachoamuru mifupa, misuli na ngozi vikue. Si kitu kibaya. Ndicho kilichowatoa watoto wenu mikononi mwenu wakawa wanafunzi; mtoto anayekikosa hudumaa. Hata mtu mzima anakihitaji kidogo, mwili uzibe jeraha na kujijenga. Kwa Meshack kulikuwa kimeota kivimbe kwenye tezi hiyo, na kivimbe hakijui kusema basi. Kilimimina homoni usiku na mchana ndani ya mtu aliyekwisha kukua. Mifupa ya mtu mzima haiwezi kurefuka tena, kwa hiyo ilinenepa: vidole, nyayo, taya, paji la uso. Ulimi ulinenepa, akakoroma. Homoni ilipingana na insulini, sukari ikapanda. Kivimbe kilibana mishipa ya macho, akapoteza pembeni. Moyo nao ni msuli, nao ulitii amri ya kukua. Kadi zote nne zilikuwa kadi moja.

Meshack alimsikiliza daktari hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo kinachomkuza Godbless wangu ndicho kinachoniua mimi?"

"Ndicho hicho hicho, fundi. Mvua ya mahindi ikizidi inabeba nyumba."

Kisha akauliza swali la pili, ambalo ndilo alilokuwa akilitaka tangu mwanzo. "Kilianza lini?"

Daktari aligusa boksi la 2009. "Kabla ya hapa."

Meshack alilia pale dukani. Mkewe alikuwapo na aliona. Hakulia kwa ajili ya ugonjwa. Mtu anayesemwa kila siku kuwa ameadhibiwa huanza kujitafuta kosa, na kwa miaka mitano alikuwa akienda peke yake penye mpaka kuhesabu isale za baba yake, asije akawa alizing'oa na kusahau.

Tarehe 12 Machi 2019 alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, kupitia puani. Kivimbe kilikuwa kikubwa, na sehemu yake iliyozunguka mshipa mkubwa wa damu haikuweza kutolewa. Madaktari walisema kingegunduliwa miaka saba nyuma, kingetoka chote. Alirudi na sindano za kila mwezi, ambazo kuna miezi zilipatikana na miezi hazikupatikana. Kichwa kiliacha kuuma. Aliona pembeni tena kidogo, na wiki ya kwanza aliwaamkia watu wote wa njia hii hadi wakadhani amelewa.

Alipopata nguvu alitaka kupatana na kaka yake. Mkewe alikataa, na familia iandike hivyo: alimkataza kwa maneno makali. Alimwambia mwenye kosa ndiye hubeba isale. Meshack alijibu, "Mama Anneth, mwenye hamu ndiye hubeba." Jumatatu ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 2021, alikata isale akateremka hadi kwa Peter, akifuatana na dada yake kama shahidi. Shahidi huyo ndiye anayewasomea.

Peter alisimama ndani ya geti.

"Umekuja kukiri?"

"Nimekuja kwa sababu ya miaka minane, kaka. Hatusalimiani. Watoto wetu hawajuani."

"Isale bila kosa ni jani la mbuzi. Taja kosa."

"Mpaka sikuusogeza. Ukinitaka niombe radhi kwa hasira zangu, naomba. Kwa shamba, siwezi kumsingizia Meshack hata kama Meshack ni mimi."

"Basi rudi na jani lako."

Marehemu aliiweka isale chini ya geti akapanda kurudi. Kila mtu mzima aliyepo hapa anajua kwamba isale haikataliwi. Mtu akiua, ndugu zake wakaja na isale, hupokewa kwanza, maneno baadaye. Isale ya Meshack ilikaa pale getini siku tisa hadi ikakauka. Waliopita waliiona. Hakuna mzee aliyekwenda kuiokota, na hakuna kikao kilichoitishwa juu ya hilo.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2024 moyo ulianza kushindwa. Miguu ilijaa maji, akalala ameketi. Hadi Mei aliendelea kushona akiwa kitandani, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kiatu cha mtoto wa jirani kilichoongezwa soli upande wa kushoto. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa tisa alasiri, mikononi mwa mkewe, akiwa na miaka hamsini na miwili. Kilichomuua ni moyo uliokuzwa kupita kiasi na homoni ya ukuaji. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti cha kifo, na cheti hicho kimetiwa saini na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Juzi alasiri wazee watatu wa ukoo walikuja nyumbani. Walikunywa chai, wakatoa pole, kisha wakaeleza shida yao.

"Mama Anneth, tunakuomba sentensi moja tu kwenye hicho unachoandika. Kwamba marehemu aliteleza kwenye mambo ya mpaka. Chungu kitatenguliwa kesho yake, watoto wabaki salama."

"Watoto wako salama, mzee. Wamepimwa damu wote wawili."

"Damu haipimi chungu. Binti yako ataolewa na nani? Na wewe ni mtu wa Rombo, haya ya hapa huyajui."

"Rombo nako tuna vyungu, mzee. Tunapikia."

Waliondoka hawajamaliza chai. Hapa ndipo palipokuwa na nafasi ya sentensi ile, kati ya tarehe ya kifo na majina ya aliowaacha. Familia imeipima kwa uangalifu, kwa sababu si kweli kwamba haina uzito. Godbless anaitwa mtoto wa chungu na wenzake shuleni. Sentensi moja ingemnyamazishia wote. Lakini ingemfundisha pia kwamba baba yake alikuwa mwizi, kwa maandishi ya mama yake, na karatasi hii ataitunza hadi uzee. Haikuandikwa. Haitaandikwa.

Marehemu ameacha mjane, Evaresta. Watoto wawili, Anneth na Godbless. Dada mmoja, Kaanaeli. Na kaka mmoja, Peter, ambaye yupo hapa, amekaa safu ya pili.

Kwa desturi yetu, baada ya mchungaji, udongo wa kwanza wa familia hutiwa na kaka mkubwa, na anayemtia ndugu yake udongo amemaliza naye yote. Ukurasa wa nne wa ratiba mliyo nayo, mahali hapo pameandikwa jina la Peter Sangito. Hakuulizwa, kwa sababu kaka haulizwi kama atamzika mdogo wake. Akilichukua koleo, mjane huyu hatamdai neno lolote, leo wala baadaye, na watoto wataanza kumwita baba mkubwa jioni hii hii. Akiliacha, Kaanaeli, dada yao, atakunja karatasi hii na kulichukua yeye, na kila aliyekuja atakuwa ameona ni nani aliyesimama na nani aliyebaki ameketi.

Baba Anneth, lala sasa, mwili umekuachia. Hukuchukua cha mtu.